Mbwa Anayezurura Ufukweni, Mtoto Anayetambaa Uani

SEHEMU YA 1: KWA NINI NESI ANAONGELEA MBWA

Mmezoea niwaandikie kuhusu chanjo, uji na homa za usiku. Wiki hii tunaongelea mbwa, na naomba msinikimbie. Ni sehemu saba, someni taratibu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kama nyumbani kwako kuna mbwa na kuna mtoto mdogo, usafi wa huyo mbwa ni sehemu ya malezi ya mtoto. Unakaa kundi moja na choo, maji ya kunywa na chandarua. Watu wanaosema kumpiga mbwa brashi ni mambo ya kizungu, nawaheshimu, ila kwa hili hatuko pamoja.

Angalieni mbwa wetu wa huku pwani anavyoishi, kuanzia Kigamboni, Kunduchi na Mbweni, hadi Bagamoyo na Tanga. Mchana amelala chini ya mwembe au chini ya gari. Usiku anazunguka uzio. Alfajiri geti likifunguliwa anatoka mbio na vijana wanaokwenda kufanya mazoezi ufukweni. Anaogelea, anachimba mchanga, anabingirika juu ya samaki aliyeoza, anapita jalalani, halafu anarudi nyumbani na furaha yake yote. Wa kwanza kumpokea ni nani? Mtoto wa miaka miwili, mikono wazi, mdomo wazi.

Sisi kliniki tunapokea kinachofuata. Mtoto mwenye mstari mwekundu uliopindapinda kwenye unyayo au makalio, anajikuna usiku kucha. Mtoto mwenye funza kwenye vidole vya miguu. Mtoto mwenye mashilingi shingoni au mapunye kichwani. Na yule ambaye huwa tunamkimbilia sote, mtoto aliyeng'atwa.

Si kila mara mbwa ndiye chanzo, hilo niseme wazi. Funza anatoka pia kwa nguruwe na panya, mashilingi mtoto anaweza kuyapata kwa mwenzake shuleni. Lakini mama akiulizwa "nyumbani mna mbwa?" na akajibu "ndiyo, ila yuko nje tu," hapo huwa natega sikio. Nje ndiko mtoto anakocheza. Tukimpaka mtoto dawa na kumrudisha kwenye mchanga ule ule, tumefanya kazi nusu.

SEHEMU YA 2: JOTO LETU LINAWAFUGIA WADUDU

Nchi zenye baridi kali wana miezi ambayo wadudu wengi wanapungua au wanalala. Sisi hatuna hiyo likizo. Kaskazi kuna joto, masika kuna maji, kusi angalau kuna upepo, vuli mvua inarudi. Mwaka mzima ni joto na unyevu, yaani kila kitu ambacho kiroboto angeomba akipewa nafasi ya kuomba.

Anza na kiroboto. Wale unaowaona wakiruka kwenye manyoya ya mbwa ni wachache. Mayai yao yanadondoka popote mbwa anapolala: kwenye gunia lake, kwenye jamvi la barazani, kwenye nyufa za sakafu. Kwenye hali ya hewa kama yetu, yai linaweza kuwa kiroboto kamili ndani ya wiki tatu hivi. Ndiyo maana unamwogesha mbwa Jumamosi, na wiki mbili baadaye mtoto ana vipele miguuni. Ulimsafisha mbwa, kitanda chake hukukigusa.

Kupe ndio wajanja zaidi. Kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye ndiye tunaishi naye mijini, anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya uzio wako. Jike akishashiba damu anajiangusha, anapanda ukutani, anatafuta ufa, anataga mayai kwa maelfu. Watoto wake wakianguliwa wanamtafuta mbwa, wanakunywa damu, wanaanguka tena, wanabadilika, wanarudi. Maisha yake mengi yanapita nje ya mwili wa mbwa. Kwa hiyo ukiona kupe anatembea kwenye ukuta wa varanda, usishangae katokea wapi. Yuko kwake.

Halafu kuna minyoo, na hapa naomba mkae vizuri. Mbwa mwenye minyoo ya safura ya mbwa anatoa mayai kwenye kinyesi. Kwenye mchanga wenye kivuli na unyevunyevu, mayai yanaanguliwa, na ndani ya wiki moja hivi mabuu yako tayari kupenya ngozi. Mtoto anakanyaga peku au anakaa chini bila nepi, wanaingia. Kwa kuwa hawakuumbiwa mwili wa binadamu, kwa kawaida hawafiki tumboni, wanabaki wakitembea chini ya ngozi. Ule mstari mwekundu ndio njia yao.

Minyoo mingine ya mbwa, ile mirefu ya mviringo, inamfikia mtoto kwa mdomo. Mtoto anakula udongo, au anachezea mchanga kisha anajilamba vidole. Mara chache mabuu yake hufika hata kwenye ini au jicho. Ila kuna habari njema ambayo wengi hawaijui: mayai ya minyoo hii hayawezi kuambukiza siku ile ile yalipotoka. Yanahitaji kukaa kwenye udongo siku kadhaa hadi wiki kadhaa ndipo yanakuwa hatari, na baada ya hapo yanaweza kudumu humo muda mrefu sana.

Maana yake nini kwako? Kinyesi kinachookotwa leo hakijawa na hatari hiyo bado. Kinachoachwa mpaka Jumapili kimeshaanza kuwa mtego. Kwa maoni yangu, koleo dogo la kuokotea kinyesi kila asubuhi linamlinda mtoto kuliko chupa ya shampuu ya bei mbaya. Kitupwe chooni au kifukiwe shimoni mbali na mahali pa kuchezea. Kufagia na ufagio wa uani hakusaidii, unakisambaza tu.

SEHEMU YA 3: BAHARI SI BAFU

Nasikia sana hii: "Mbwa wetu haogeshwi, anaoga baharini kila siku." Jamani. Ninyi mkitoka kuogelea Coco Beach mnakwenda kulala bila kujimwagia maji baridi? Si mnawashwa usiku kucha?

Na yeye hivyo hivyo. Maji yanakauka, chumvi na mchanga vinabaki kwenye ngozi chini ya manyoya. Anajikuna, anajitafuna, anajitoa vidonda, inzi wanatua. Masikio, hasa yale yanayoning'inia, yanabaki na unyevu ndani, na kwenye joto letu fangasi hazichelewi. Mbwa anayetikisa kichwa kila saa au ambaye sikio lake linanuka, huyo hana kiburi, anaumwa.

Bado simtetei yule anayesema basi mbwa afungwe mnyororo siku nzima ili asichafuke. Mbwa aliyefungwa sehemu moja analala karibu na mkojo na kinyesi chake, viroboto wanajazana pale pale, na hasira zake siku akifunguka zinamwangukia mtoto. Mbwa mchangamfu anahitaji kukimbia. Mwache akimbie, ila akirudi apite "forodhani" kabla hajafika kwa watoto.

Forodha hiyo ni getini, dakika kumi tu:

Moja, maji safi ya bomba au ya kisima yasiyo na chumvi. Ndoo moja na kopo vinatosha kwa mbwa wa wastani. Mwagia kuanzia shingoni kushuka, usisahau tumbo na kwapa.

Mbili, miguu. Tenganisha vidole, toa mchanga, angalia kama kuna kupe, funza, mwiba wa mchongoma au kipande cha kombe. Angalia na kucha. Mbwa anayekimbia mchangani kucha zake hazisagiki kama anayetembea kwenye lami, na kucha ndefu ndizo zinazomchana mtoto uso wakati wa kucheza.

Tatu, masikio. Kausha kwa kitambaa laini pale unapoona tu. Vijiti vya pamba usiingize ndani.

Nne, futa kwa taulo kuukuu ambalo ni lake peke yake, kisha mwache akauke mahali penye upepo.

Tukiwa bado ufukweni, mambo matatu zaidi. Nendeni kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema, na hewa yetu ikiwa nzito kwa unyevu kuhema huko hakumsaidii vya kutosha. Weka kiganja chako juu ya mchanga au lami, hesabu mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, na yeye nyayo zinaungua.

Beba maji ya kunywa yake. Mbwa mwenye kiu atakunywa ya bahari, atatapika na kuharisha, na akinywa mengi anaweza kufa. Na mwangalie asiokote samaki waliotupwa na wavuvi. Bunju ana sumu hata akiwa amekufa, na mbwa hajui kuchagua.

SEHEMU YA 4: KUMWOGESHA KWENYEWE

Kuoga kwa shampuu kila baada ya wiki mbili hadi nne kunawatosha mbwa wengi wa pwani. Katikati ya hapo ni kusuuza kwa maji na brashi. Ukimpaka sabuni kila siku unaondoa mafuta yanayolinda ngozi yake, inakauka, anawashwa, na wewe unadhani ni uchafu, unaongeza sabuni. Mnazunguka pale pale.

Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu na kiwango chake cha asidi ni tofauti, kwa hiyo tumia shampuu ya mbwa. Inauzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Loanisha, paka, acha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe bila povu. Povu linalobaki kwapani na kati ya miguu ndilo linaloleta muwasho.

Brashi ndiyo kazi kubwa, na haigharimu maji. Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi, brashi ya mpira au kitambaa kigumu mara mbili kwa wiki. Mwenye manyoya marefu au chotara wa German Shepherd, karibu kila siku. Huyu wa pili ana tabaka mbili za manyoya, na watu wanamwonea huruma kipindi cha kaskazi wanamnyoa kipara. Msimnyoe. Manyoya yale yanamkinga na jua pia. Mchane, toa manyoya yaliyokufa, hewa ipite. Inatosha.

Wakati wa kuchana pitisha vidole: ndani na nyuma ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kati ya vidole, chini ya mkia. Ukikuta kupe, vaa glovu, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja taratibu bila kuzungusha. Mtumbukize kwenye chupa yenye spiriti. Usimpasue kwa kucha, usimchome kwa kiberiti, usimmwagie mafuta ya taa. Ukikuta sehemu ya duara imenyonyoka manyoya na ina magamba, mtoto asimguse mpaka daktari wa mifugo amwone.

Sasa nakuja kwenye kinachoniudhi. Naandika kwa herufi kubwa ili isomeke: MBWA HAOGESHWI KWA OILI CHAFU YA GARI. Wala mafuta ya taa, wala dawa ya kusafishia choo, wala sabuni ya unga ya kufulia. Najua babu alifanya, najua jirani alifanya na upele ukaisha. Mbwa anajilamba, kwa hiyo unachompaka anakimeza. Na mtoto akimkumbatia, kinahamia kwa mtoto.

Dawa za kuogeshea ng'ombe ni hatari ya namna hiyo hiyo zikipimwa kwa macho. Wengine wanazikoroga ndoo moja na kopo la kupikia! Kama daktari wa mifugo amekuandikia, fuata kipimo chake, vaa glovu, kaa penye hewa, na watoto wawe mbali mpaka mbwa akauke kabisa. Chupa ifungiwe juu. Usiihamishie kwenye chupa ya soda hata siku moja. Mtoto hajui kusoma, anajua rangi ya chupa.

Na wenye paka: baadhi ya dawa za kupe za mbwa zina pemetrini, ambayo inaweza kuua paka. Usimgawie paka dawa ya mbwa kwa kupunguza kipimo, na paka asilale na mbwa aliyepakwa siku hiyo.

SEHEMU YA 5: NANI ANAIFANYA HIYO KAZI?

Sehemu hii haitawafurahisha wote, lakini ndiyo iliyonifanya niandike zote nyingine.

Kwenye nyumba nyingi, baba ndiye aliyemleta mbwa. Alisema ni wa ulinzi. Watoto wakaahidi watamhudumia, ikaenda wiki moja. Mama anasema hakumtaka tangu mwanzo. Mwisho wa siku kazi inamwangukia dada wa kazi, binti wa miaka kumi na tisa ambaye pengine kwao hawajawahi kufuga mbwa na anamwogopa. Anang'oa kupe kwa vidole vitupu. Anaokota kinyesi kwa jani la mgomba. Anasikia "dada, mtoto analia," anakimbia kumbeba. Kisha anasonga ugali.

Tukiamua kumlaumu dada kwa uchafu, tutakuwa tumekosea mtu. Hakupewa glovu, hakupewa sabuni ya mikono, hakuelekezwa, na kazi hiyo haikuwa kwenye makubaliano.

Kwangu mimi aliyeamua mbwa aje ndiye mwenye kazi yake. Baba, kama mbwa ni wa ulinzi na ulinzi ni jukumu lako, basi na koleo ni lako. Kama kazi anapewa dada, iwe kazi iliyotajwa na kulipwa, apewe glovu, aproni na buti za mpira, afundishwe, na mbwa awe amechanjwa. Na kama anamwogopa, asilazimishwe. Mbwa anamjua mtu mwenye hofu, na kumshika mbwa akiwa na maji na muwasho ndipo anapong'ata.

Watoto je? Wa chini ya miaka mitano wasishiriki kabisa kuogesha wala kuchana. Wa miaka saba, nane, anaweza kushika taulo au kujaza maji ukiwa umesimama hapo hapo. Mjamzito, kazi ya kinyesi na ya dawa za kupe mwachie mwingine. Na kila mtu akimaliza ni maji yanayotiririka na sabuni, kabla ya kugusa mtoto, chupa ya maziwa au sufuria.

SEHEMU YA 6: DINI, MAJIRANI NA KAMBA ZA NGUO

Wengi wenu mnaonifuatilia ni Waislamu, na pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sitaki kumfundisha mtu dini yake, kuna mashehe. Ninachosema kama nesi ni kwamba kuweka mipaka na mbwa kunakwenda vizuri kabisa na afya: vyombo vyake mbali, haingii jikoni wala chumbani, halambi uso wa mtoto, hakanyagi mkeka wa kuswalia. Natamani hata nyumba zisizo na katazo hilo zifuate.

Ila mipaka isigeuke kutelekeza. Mafundisho hayo hayo yanamsifu aliyempa maji mbwa mwenye kiu. Mbwa wa ulinzi anaweza kukaa nje na bado akawa na maji safi, kivuli, kitanda kinachofuliwa na mtu wa kumtoa kupe.

Majirani nao. Mbwa wako akijisaidia mbele ya duka la watu au kwenye njia ya kwenda msikitini, hujamfanyia ubaya mbwa, umemfanyia jirani. Tembea naye kwa kamba, beba mfuko. Ukweli ni kwamba uhasama mwingi dhidi ya mbwa mitaani unaanzia kwa mwenye mbwa.

Halafu kamba za nguo. Yuko nzi mmoja anayetaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo na kinyesi, na pia kwenye nguo zilizoanikwa zikiwa mbichi, hasa kivulini. Mabuu yake yanaingia kwenye ngozi na kufanya uvimbe kama jipu, na mbwa ni mmoja wa wanyama anaowapenda zaidi. Bibi zetu waliposisitiza nepi na shuka za mtoto zipigwe pasi mpaka kwenye mishono, walikuwa na sababu nzuri, maana moto wa pasi unaua mayai hayo. Kama una mbwa uani, anika juu, juani, na piga pasi. Pale mbwa anapopenda kulala na kukojoa pasiwe chini ya kamba.

SEHEMU YA 7: RATIBA YA KUBANDIKA UKUTANI

Kila asubuhi: okota kinyesi, badilisha maji ya kunywa, osha chombo chake.

Kila akirudi ufukweni au mizungukoni: forodha ya getini, dakika kumi.

Mara mbili kwa wiki au zaidi: brashi, na kukagua kupe.

Kila wiki: fua gunia au tandiko lake kwa maji ya moto, anika juani. Fagia nyufa za varanda na banda. Nyufa kubwa ziba kwa simenti, kupe wakose nyumba.

Kila wiki mbili hadi nne: shampuu.

Kila mwezi au kama ilivyoandikwa: dawa ya kupe na viroboto aliyoshauri daktari wa mifugo, kulingana na uzito na umri. Kwa watoto wa mbwa uliza kabla, dawa nyingi haziwafai wakiwa wadogo sana.

Kila miezi mitatu: dawa ya minyoo kwa mbwa mkubwa. Watoto wa mbwa wanaanza wakiwa na wiki mbili na kurudia mara kwa mara, kwa sababu wengine wanazaliwa na minyoo au wanaipata kwenye maziwa ya mama yao.

Kila mwaka: chanjo ya kichaa cha mbwa. Muulize afisa mifugo wa kata yako. Sehemu nyingi kunakuwa na kampeni, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Hiyo ya mwisho hamwezi kuiosha kwa sabuni yoyote. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99, vinatokana na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mtoto aking'atwa, akichanwa, au mbwa akimlamba kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, halafu njoo kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipake majivu, usipake pilipili, usisubiri kuona mbwa atafanya nini. Hata kama ni mbwa wenu mwenyewe.

Mlete mtoto pia ukiona ule mstari unaotembea chini ya ngozi. Kuna dawa na inatibika. Kumchoma kwa maji ya moto au kumchokonoa na pini kunaongeza kidonda tu. Mlete akiwa na homa siku chache baada ya kuumwa na kupe, na utuambie kuhusu kupe bila kungoja kuulizwa. Funza nao watolewe kwa kifaa safi na mtu anayejua, na chanjo ya pepopunda iwe imekamilika.

Nimalizie kwa lile ambalo wengine wataniona mkali. Kama kwenye nyumba yenu hakuna mtu mzima mmoja, mwenye jina, anayeweza kutoa dakika ishirini kwa siku kwa ajili ya mbwa, msifuge kwa sasa. Wekeni taa, komeo zuri, ongezeni mlinzi wa mtaa. Mtoto akikua, mambo yakitulia, mtafuga. Mbwa ni kiumbe anayetegemea, kama mtoto anavyotegemea, na uani pale wote wawili wanagawana mchanga mmoja.

Na kama mnaye tayari, leo jioni kaeni wawili, mke na mume, mjibu swali moja tu: kesho asubuhi koleo analishika nani? Andikeni jina, bandikeni kwenye friji.

Usiku mwema. Pelekeeni na kundi la familia, hasa kwa yule mjomba mwenye oili chafu.